Kisa cha mtunza ghala aliyeonekana kilomita 3.4 kutoka alipokuwa amesimama

Katika mwezi mmoja uliokuwa na siku 26 za kazi, mtunza ghala wa kampuni moja alihesabiwa mara 11 kuwa hakuwepo kazini, na shahidi pekee dhidi yake alikuwa simu yake mwenyewe. Hakuna mtu aliyemwona akichelewa. Magari yalipakiwa kwa wakati, makufuli yalifunguliwa, na hati za kutolea mzigo zilikuwa na saini yake. Lakini programu ya mahudhurio, ambayo kila mfanyakazi huifungua asubuhi na kubonyeza kitufe kimoja ili simu ipeleke taarifa ya mahali alipo, ilisema vinginevyo. Mwisho wa mwezi mshahara ukakatwa, na alipolalamika akajibiwa kwamba kompyuta haina sababu ya kumwonea mtu.

Mimi niliitwa baada ya hapo. Sikuitwa kumtetea, kazi yangu ni kushughulikia vifaa vya kampuni hiyo, na msimamizi wake alitaka nithibitishe kwamba simu ilikuwa imechezewa. Dhana yake haikuwa ya kipuuzi. Kati ya zile mara 11, tano zilimwonyesha katika mtaa mmoja ulio kilomita 3.4 kutoka ghalani, na ilijulikana kwamba dada yake anaishi katika mtaa huohuo. Zaidi ya hapo, siku zote tano zilikuwa za mvua. Kwa msimamizi hadithi ilikuwa imekamilika: mvua ikinyesha, bwana huyu hulala kwa dada yake, hubonyeza kitufe akiwa bado kitandani, kisha huingia kazini kimyakimya wakati hakuna anayemtazama. Mtunza ghala naye alikuwa na maelezo yake, ambayo yalimsaidia kidogo kuliko alivyodhani. "Mvua ikinyesha simu hii inachanganyikiwa, bosi," aliniambia. "Mimi nilikuwa hapa hapa. Ufunguo ninao mimi."

Alikuwa ameshajaribu kila alichoshauriwa. Alizima simu na kuiwasha. Aliweka hali ya ndegeni na kuiondoa. Alizima Wi-Fi, kwa kuwa kijana mmoja wa ofisini alimwambia kwamba Wi-Fi ndiyo hupotosha ramani, na ushauri huo, kama tutakavyoona, ulikuwa umegusa penyewe bila kufika. Alizungusha pia simu hewani kwa umbo la nane, ibada ambayo imeenea sana na ambayo hurekebisha dira tu, yaani upande ambao simu inadhani imeelekea, wala haihusiani na mahali ilipo.

Jambo la kwanza nililoomba halikuwa simu, bali kumbukumbu za seva. Ripoti iliyotumika kumkata mshahara ilikuwa na neno moja kwa kila siku, "ndani" au "nje", likimaanisha ndani au nje ya uzio, ambao ni duara la mita 100 lililochorwa kwenye ramani kuzunguka eneo la kazi. Seva, hata hivyo, ilikuwa ikihifadhi mengi zaidi ya hayo: latitudo na longitudo, saa ambayo taarifa ilipokelewa, saa ambayo mahali penyewe palipimwa, usahihi wa kipimo kwa mita, chanzo cha kipimo, na alama inayoonyesha iwapo mahali pametungwa na programu ya kughushi. Safu hizo zilikuwepo tangu siku ya kwanza na hakuna aliyekuwa amezifungua.

Alama ya kughushi ilisoma "hapana" mara zote 26. Hilo peke yake halimsafishi mtu, kwa sababu zipo mbinu za kuificha alama hiyo, lakini lilitosha kunifanya niache kutafuta mwizi na nianze kutafuta kosa. Safu ya chanzo haikuwa na msaada wowote, kwa kuwa kila mstari ulisema kitu kilekile: mchanganyiko. Neno hilo ndilo kiini cha kisa chote.

Watu wengi husema "GPS ya simu" kana kwamba ndani ya simu kuna chombo kimoja kinachojua kilipo. Hakipo. Simu ya siku hizi hukusanya ushahidi kutoka pande kadhaa. Inasikiliza setilaiti: za GPS ya Marekani, na mara nyingi pia za GLONASS ya Urusi, Galileo ya Ulaya na BeiDou ya China. Inaangalia ni ruta zipi za Wi-Fi zinazosikika karibu, na inatambua mnara wa simu unaoihudumia. Wakati mwingine husoma pia vihisi vya mwendo, ili kukisia mtu ametembea kiasi gani tangu kipimo cha mwisho. Kisha mfumo wa simu huyachanganya yote hayo na kuipa programu jibu moja: nukta moja yenye duara la usahihi kuizunguka. Programu iliyouliza haielezwi ni shahidi yupi aliyeaminiwa. Nukta iliyotokana na setilaiti 14 na nukta iliyotokana na ruta mbili zilizo ukutani huja zikiwa na sura ileile.

Niliziweka nukta zote 11 kwenye ramani. Hapo ndipo tatizo lililoonekana kuwa moja lilipogawanyika kuwa manne.

Nukta tatu zilikuwa nje ya uzio kidogo tu: mita 104, 119 na 137 kutoka kitovu cha duara. Nilienda kutazama kitovu hicho kiko wapi, na nikakuta kwamba aliyekiweka alikuwa amebonyeza ramani kwenye lango kuu, kwenye kibanda cha walinzi, ilhali mlango wa ghala uko mita 70 nyuma yake. Maana yake ni kwamba mtunza ghala alianza kila siku akiwa ameshatumia mita 70 kati ya 100 alizopewa, na kosa lolote la kipimo lililozidi mita 30 kuelekea upande usiofaa lilitosha kumtoa kazini. Mfanyakazi wa mapokezi, ambaye meza yake iko karibu na lango, angeweza kuwa na simu mbovu kuliko yake na asiguswe kamwe.

Kosa lenyewe lilitoka wapi? Setilaiti za GPS huzunguka kwenye kimo cha kilomita 20,200 hivi, kila moja ikitangaza saa yake ya atomiki na njia inayopita. Simu hukokotoa umbali kwa kupima muda ambao wimbi limetumia kusafiri, na kwa kuwa wimbi huenda kwa kasi ya mwanga, kosa la nanosekunde moja ni sentimita 30, na kosa la mikrosekunde moja ni mita 300. Saa ya simu si ya atomiki, kwa hiyo inahitaji angalau setilaiti nne: tatu za kupata mahali, na ya nne ya kusahihisha saa yake yenyewe. Wimbi likifika ardhini huwa limedhoofika hata nguvu yake ni ndogo kuliko makelele ya kawaida ya redio yanayolizunguka, na simu hulitambua tu kwa sababu inajua mapema mfuatano wa alama inaoutafuta. Chini ya anga wazi yote haya hufanya kazi vizuri mno. Serikali ya Marekani, inayoendesha GPS, hutaja mita 4.9 kuwa nusukipenyo cha kawaida cha usahihi wa simu janja mahali pasipo kizuizi.

Mlango wa ghala si mahali pasipo kizuizi. Mbele yake, kwa upana wa barabara moja ya malori, kuna jengo refu lililofunikwa kwa bati, na juu ya mlango kuna paa lililojitokeza. Anayesimama hapo huona nusu ya anga. Mawimbi ya setilaiti zilizo upande uliozibwa hayamfikii moja kwa moja. Humfikia baada ya kugonga bati na kurudi, na safari hiyo ya kuzunguka huongeza umbali ambao simu, isiyojua kuna ukuta, huuhesabu kama umbali halisi. Mzunguko wa mita 30 za ziada ni nanosekunde 100 tu. Nukta zote tatu zilikuwa zimesukumwa upande mmoja, mbali na lango, jambo ambalo makosa ya kubahatisha hayafanyi. Simu zinazosikia masafa mawili ya GPS, ambazo zilianza kupatikana mwaka 2018, huvumilia hali hii vizuri zaidi, kwa sababu wimbi la masafa ya pili limesukwa kwa alama zinazokwenda kasi mara kumi, na hivyo ni rahisi kulitenga wimbi lililonyooka na lile lililogonga ukuta. Simu ya mtunza ghala ilikuwa ya masafa mamoja.

Hapa pia programu ilikuwa na kosa lake, na binafsi naliona kuwa kubwa kuliko la ukuta. Simu haikudai kujua sana. Katika siku hizo tatu ilitoa usahihi wa mita 38, 45 na 52, yaani ilisema: nadhani yupo hapa, lakini chora duara la ukubwa huu. Kwenye mfumo wa Android duara hilo lina maana iliyoandikwa wazi: kuna uwezekano wa asilimia 68 kwamba mahali halisi pamo ndani yake. Kwa maneno mengine, karibu mara moja katika kila mara tatu mwenye simu yuko nje ya duara, na hiyo si hitilafu, bali ni namna kipimo kilivyofafanuliwa. Programu ya mahudhurio ilitupa duara na kubaki na nukta. Ilimkata mtu mshahara kwa mita nne, kwa kutumia kipimo ambacho chenyewe kilikuwa kimekiri kuyumba kwa mita 38.

Nukta mbili nyingine zilikuwa barabarani, kwenye njia anayopita kuja kazini, na zilikuwa na usahihi wa kupigiwa mfano: mita 9 na mita 12. Nilipofungua safu ya saa ya kupimwa, fumbo likaisha. Siku ya kwanza alibonyeza kitufe saa 12:41 asubuhi, lakini mahali palikuwa pamepimwa saa 12:04. Siku ya pili alibonyeza saa 12:38, na kipimo kilikuwa cha saa 12:09. Betri ilikuwa chini, hali ya kuokoa betri ilikuwa imejiwasha, na programu ilipokosa kipimo kipya kwa haraka ilichukua mahali pa mwisho palipojulikana, pale alipofungua ramani akiwa njiani kuangalia msongamano. Simu ilieleza kwa usahihi mkubwa mahali alipokuwa nusu saa kabla. Seva ikapiga muhuri wa saa ya kupokea.

Zikabaki tano za mtaa wa mbali, na moja ambayo nitaieleza mwishoni.

Kwanza nilishuku mpangilio wa usahihi. Tangu iOS 14 ya mwaka 2020 na Android 12 ya mwaka 2021, mwenye simu anaweza kuiruhusu programu ijue eneo la jumla tu badala ya mahali kamili, na programu iliyonyimwa usahihi hupewa nukta iliyohamishwa kwa makusudi, ambayo inaweza kuwa mbali kwa kilomita moja au zaidi. Watu wengi hugusa chaguo hilo bila kulisoma, kisha hulaumu setilaiti. Lakini kwenye simu hii usahihi kamili ulikuwa umeruhusiwa, na duara la eneo la jumla huwa kubwa, ilhali nukta hizi tano zilikuja na maduara ya mita 22 hadi 30.

Nilifikiria pia ughushi wa mawimbi yenyewe, kwa kuwa si jambo la kufikirika: mwezi Juni 2017 meli zilizokuwa katika Bahari Nyeusi karibu na Novorossiysk zilionyeshwa na vyombo vyake kuwa ziko kwenye uwanja wa ndege. Dhana hiyo niliiacha mapema. Anayepotosha mawimbi ya setilaiti hupotosha simu zote za eneo hilo, na dereva aliyekuwa akisubiri mzigo nje asubuhi hizo hizo aliwekwa mahali pake sawasawa.

Kilichonishtua ni jinsi nukta hizo zilivyokaribiana. Zilitokea katika siku tano tofauti, katika muda wa wiki tatu, na zote zingeenea ndani ya ukumbi mmoja. Hakuna iliyokuwa zaidi ya mita 15 kutoka kwa nyingine. Kosa la setilaiti hutangatanga. Hata kama kuta hazihami, setilaiti zinahama, na akisi ya leo haiwi akisi ya wiki ijayo. Kosa linalorudi mahali palepale, kwa ujasiri uleule, kama mtu anayerudi kwake, haliwezi kuwa limetoka angani. Limetoka kwenye orodha ambayo mtu au mashine imeiandika.

Niliikuza picha ya setilaiti ya mahali pale: jengo la ghorofa mbili, paa la buluu, uwanja mdogo wa kuegesha magari. Halikuwa na sura ya nyumba ya dada wa mtu. Nikamwita dereva wa siku nyingi wa kampuni na kumwonyesha bila kumweleza lolote. Akavaa miwani, akaisogeza simu, akaicheka. "Hii si ofisi yetu ya zamani, mzee?"

Ilikuwa ndiyo. Kampuni ilikuwa imehama kutoka jengo lile miezi miwili kabla. Meza zilihama, makabati yakahama, na ruta mbili za Wi-Fi zikafunguliwa ukutani, zikatiwa kwenye boksi, na kuja kufungwa ghalani, ambako hapo awali hapakuwa na mtandao.

Ili kuona uzito wa hilo, ni lazima kujua jinsi simu inavyotumia ruta kupata mahali. Kila ruta hutangaza anwani yake ya kifaa, namba ambayo imetiwa kiwandani na haitegemei jina la mtandao wala nywila. Kampuni zinazotengeneza mifumo ya simu huweka kanzidata kubwa zinazounganisha anwani hizo na sehemu zilipo, na kanzidata hizo hujazwa hasa na simu za watu: simu yenye mwono mzuri wa setilaiti ikipita karibu na ruta, hupeleka taarifa kwamba anwani fulani imesikika mahali fulani. Baadaye simu nyingine iliyo ndani ya jengo, isiyoona setilaiti, huuliza kinyume chake: nasikia anwani hizi, je, niko wapi? Utaratibu huu ni wa haraka, hautumii betri nyingi, na mjini kwenye ruta nyingi hutoa majibu mazuri kwa kushangaza. Udhaifu wake ni dhana moja ambayo haisemwi, kwamba ruta haitembei.

Ruta moja iliyohama kwa kawaida haidhuru. Ikiwa simu inasikia ruta kumi, na tisa kati ya hizo zinakubaliana, ile ya kumi hupuuzwa kama shahidi aliyelewa. Lakini ghala lilikuwa limejitenga, limezungukwa na uwanja wa malori, na ndani yake zilisikika ruta mbili tu. Zote mbili zilitoka ofisi ya zamani. Simu ilikuwa na mashahidi wawili wasiopingana hata kidogo, kwa kuwa walikuwa wametoka nyumba moja, na makubaliano yao ndiyo yaliyoipa ujasiri wa mita 22.

Nilijaribu kwa mikono ili lisibaki kuwa hadithi nzuri tu. Nikiwa katikati ya ghala, mlango umefungwa, simu ya mtunza ghala iliruka hadi ofisi ya zamani ndani ya sekunde chache. Programu ya kuonyesha mawimbi ya setilaiti haikuwa na setilaiti hata moja inayotumika. Mabati ya paa na ya kuta yalikuwa yamezima kila kitu. Nikachomoa ruta zote mbili. Nukta ikakaa kwa muda, kisha duara likafumuka hadi zaidi ya kilomita moja, dalili kwamba simu sasa inategemea mnara peke yake. Nikachomeka ruta moja, nukta ikarudi ofisi ya zamani. Nikarudia yote kwa simu yangu, ya kampuni nyingine kabisa na mfumo mwingine, na nayo ikafanya vivyo hivyo. Mwisho nikatoka nje, hatua kama ishirini kutoka ukutani, nikasubiri. Sekunde 40 baadaye simu yake ilikuwa ikitumia setilaiti 14 na duara lilikuwa la mita 6.

Hapo nikajua kwa nini kuzima Wi-Fi hakukumsaidia. Swichi ya Wi-Fi anayoiona mtumiaji hukata muunganisho wa mtandao, lakini kwenye Android kuna mpangilio mwingine, uliofichwa ndani ya huduma za mahali, unaoiruhusu simu iendelee kutafuta ruta zilizo karibu hata Wi-Fi ikiwa imezimwa. Kijana wa ofisini alikuwa amemtambua mkosaji na kumfungia mlango usio wake.

Na mvua? Mvua haina hatia karibu kabisa. Wimbi la GPS ambalo simu hii hulisikia lina urefu wa sentimita 19, na tone la mvua ni la milimita chache. Wimbi hulipita kana kwamba halipo. Mvua ilichokibadilisha ni tabia ya mtu. Siku za jua mtunza ghala alisimama mlangoni, akafungua kufuli, akabonyeza kitufe hapo hapo kabla ya kuingia, na setilaiti zikamwona, vizuri au vibaya. Siku za mvua alifungua, akaingia mbio, akavuta mlango, akajifuta mikono kwenye kitambaa kilichotundikwa nyuma ya mlango, ndipo akaitoa simu mfukoni. Kuanzia hapo alikuwa mikononi mwa ruta mbili. Yeye na msimamizi wake waliona uhusiano uleule kati ya mvua na kosa, kila mmoja akaupa sababu iliyomfaa, na wote wawili walikosea.

Nilipomweleza msimamizi alinyamaza kwa muda, kisha akauliza swali lililokuwa la haki: kama kumbukumbu za simu haziaminiki, atajuaje nani yuko kazini? Nilimwomba twende kwenye kibanda cha walinzi. Pale kulikuwa na daftari la zamu, lenye jalada lililokunjamana, ambamo mlinzi wa usiku huandika saa ya kukabidhi funguo za ghala na anayepokea hutia saini. Kwa siku 10 kati ya zile 11 saini ya mtunza ghala ilikuwepo, ya mapema zaidi saa 12:30 na ya kuchelewa zaidi saa 12:43. Daftari hilo lilikuwa hatua chache kutoka kitovu cha uzio tangu mwanzo.

Marekebisho yenyewe hayakuhitaji kifaa kipya. Kitovu cha uzio kilihamishwa kutoka langoni hadi katikati ya eneo lote. Aliyeitengeneza programu aliombwa ikatae kipimo chenye umri wa zaidi ya sekunde 30, isubiri hadi duara liwe chini ya mita 50 kabla ya kupokea chochote, na ihesabu mtu kuwa nje pale tu ambapo duara lake lote liko nje ya uzio. Kipimo kisichofikia kiwango hicho huandikwa "hakijulikani" na kumwita msimamizi atazame kwa macho. Nilishauri pia majina ya mitandao ya ruta zile yaongezewe mwishoni neno "_nomap", alama ambayo Google huiheshimu kwa kuiondoa ruta kwenye kanzidata yake ya mahali. Kuhusu kanzidata kujirekebisha yenyewe, hilo lingetegemea simu zinazopita nje ya ghala zikiwa na setilaiti za kutosha, na kwa ghala lililo peke yake uwanjani simu hizo ni chache.

Imebaki ile siku ya 11. Nukta yake iko mita 900 kutoka kitovu, na duara lake ni la mita 1,200. Hakuna ruta iliyosikika, inaelekea umeme ulikuwa umekatika, na simu ilijua mnara tu. Ghala limo ndani ya duara hilo, na vilevile nyumba ya mtunza ghala mwenyewe. Katika daftari la zamu ukurasa wa siku hiyo una tarehe peke yake, kwa kuwa mlinzi wa kawaida alikuwa likizo na aliyeshika nafasi yake hakuandika. Mtunza ghala anasema alikuwepo. Msimamizi alinitaka niandike "ndani" au "nje" ili jedwali likamilike, na nikaandika kwamba kipimo cha siku hiyo hakiwezi kutenganisha ghala na nyumba yake. Alirudisha makato ya siku 10 mchana ule, na ya siku ya 11 aliyarudisha juma lililofuata, bila kunieleza kilichomfanya aamue hivyo.